Samaki wa Mwalimu Hilda

Walimu wenzangu mnaobaki kazini, mmeniomba niwaandikie tulivyokuwa tukifundisha sayansi kwa mikono, bila maabara. Nimekubali, ila mnivumilie, maana nikianza kueleza vifaa nitajikuta naeleza watu, na nikieleza watu itabidi nijieleze na mimi. Madaraja na mishahara sitagusa. Hayo mnayajua, na hayajawahi kumfundisha mtoto chochote. Nitasema juu ya lenzi moja ya mkono, sanduku la kioo lililokuwa likivuja, na wivu. Wivu wenyewe ulikuwa wangu.

Nilianza kazi katika shule ya msingi ya milimani, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Mbinga mjini. Siku ya kwanza niliingia darasa la nne nikiwa na andalio la somo lililoandikwa kwa wino wa rangi mbili. Somo lilikuwa sehemu za jani. Nikachora jani ubaoni, kubwa, lenye mishipa yote, kwa chaki ya kijani niliyoitafuta kwa taabu. Mwalimu Gaudensi, mzee aliyekuwa mkuu wa somo la sayansi pale, akaingia akasimama nyuma ya darasa. Nilidhani amevutiwa. Alikuja mbele taratibu, akachukua dasta, akalifuta jani langu lote, kisha akaninong'oneza, "Mwalimu Kosmas, mti wa kahawa uko hapo dirishani. Hilo unalichora la nini?"

Tukatoka nje na watoto wote. Kila mmoja alichuma jani lake, akalishika juu kuelekea jua, akaambiwa aseme jambo moja ambalo jirani yake hajalisema. Kipindi kiliisha tukiwa tumefika mtoto wa ishirini na tatu, na bado kulikuwa na la kusema. Mimi nilisimama pembeni nimeshika andalio langu la rangi mbili.

Mengi mliyoniona nikiyafanya niliyatoa kwa mzee yule. Chukua chupa, tia maganda ya kahawa mbivu iliyokobolewa asubuhi, ongeza maji kidogo, vika puto mdomoni. Kesho yake puto limesimama lenyewe, na watoto watakuuliza nani amepuliza. Usiwajibu. Waache wanuse. Msisahau tu kulivua siku ya pili. Letu lilipasuka siku ya tatu katikati ya kipindi cha dini, na katekista hakutusalimia hadi Pasaka.

La ngoro ndilo lililonipa jina. Sisi Wamatengo tumekuta wazee wetu wakilima mlima kwa mashimo: unafyeka majani, unayapanga kwa miraba, unachimba udongo katikati na kuyafunika, kila mraba unabaki na shimo lake la kushika maji ya mvua. Watoto wetu wameyaona mashimo hayo tangu mgongoni mwa mama zao, kwa hiyo hawayaoni. Gaudensi alitengeneza masanduku mawili ya mbao yaliyoinama, yote yana udongo uleule. Moja likawa na ngoro ndogo za ukubwa wa kikombe, jingine likawa tupu. Tukamwaga maji kwa kopo lililotobolewa, tukakinga yanayotoka chini kwa chupa mbili. Chupa ya sanduku tupu ilijaa tope jekundu. Ya pili ilipata maji kidogo tu, meupe. Mtoto mmoja akasema polepole kwamba atamwomba babu yake msamaha kwa kuyadharau mashimo yake.

Nilipopewa uhamisho kwenda ziwani, Mwalimu Gaudensi alinisindikiza hadi barabarani. Akatoa mfukoni lenzi yake ya mkono, yenye mpini wa shaba na mkwaruzo pembeni. Shule nzima hatukuwa na nyingine. "Mimi nilipewa kwa sharti," akasema, "na wewe nakupa kwa sharti hilohilo. Siku ukimpata mwalimu anayeshangaa kuliko wewe, mpe. Usingoje kustaafu." Nikamwambia nimesikia. Moyoni nilijiambia kwamba huyo mwalimu hajazaliwa.

Nikashuka ziwani, upande wa Ngumbo. Kwetu milimani samaki alifika kwa gunia, amekauka. Nadhani mpaka umri ule sikuwa nimemtazama samaki mzima akiogelea hata mara moja. Kuogelea mwenyewe sikujua, na sijui mpaka leo. Wiki ya pili, asubuhi, niko mstarini na watoto, nikaona moshi mweusi umesimama juu ya ziwa, mrefu, unatembea. Nikapiga mbio ofisini kumwambia mwalimu mkuu kuna chombo kinaungua. Nyuma yangu watoto mia mbili walikuwa wakijitahidi kutocheka, na wengi walishindwa.

Hakikuwa chombo. Walikuwa kungu, wadudu wadogo wasiouma ambao hutoka ziwani kwa mabilioni na kuruka pamoja. Aliyenieleza ni Mwalimu Hilda, wa darasa la tatu, binti wa mvuvi wa kijiji kilekile. Alikuwa na miaka michache kazini, na somo lake lilikuwa Kiswahili. Sayansi hakusomea. Hakunicheka. Aliwaambia watoto wake walowanishe sufuria kwa maji, wakimbilie upepo unakoelekea na kuzipunga hewani. Walirudi na sufuria zilizopakwa wadudu tele. Kisha akawagawia vipande vya waya mwembamba vilivyokunjwa kwa duara dogo kama la pete, wakavichovya majini. Tone likabaki limening'inia katikati ya kila duara. Kwa tone hilo wakawatazama wale wadudu, na tone likawakuza.

Nilisimama mlangoni mwa darasa la tatu nikitazama watoto arobaini wakitazama mbawa za kungu kwa tone la maji. Lenzi ilikuwa mfukoni mwangu. Mwalimu Hilda alikuwa amepiga magoti katikati yao, na yeye ana waya wake, mdomo umeachama, amesahau kwamba ni mwalimu. "Ana manyoya," alikuwa akisema. "Njooni muone, pembe zake zina manyoya."

Nilijua palepale. Naomba mnielewe vizuri hapa, maana mtu anaweza kujidanganya kwamba hakujua. Nilijua kwamba huyu ndiye, na lenzi ni yake. Nikaisukuma chini zaidi mfukoni nikaenda kusahihisha madaftari.

Tangu siku hiyo alinikaa kooni. Watoto wangu wa darasa la sita, wakiokota kitu njiani, walipita mlangoni kwangu wakakipeleka darasa la tatu. Ganda la konokono, kiota, jiwe lenye mistari, vyote kwa Mwalimu Hilda. Nilikuwa na cheti cha sayansi kutoka chuoni na yeye alikuwa na vipande vya waya. Nilipofanya ngoro yangu nilisafirisha udongo mwekundu gunia zima kutoka Kingerikiti, kule juu milimani, kwa kuwa mchanga wa ziwani haushiki shimo. Somo likaenda vizuri, watoto wakapiga makofi. Mwalimu Hilda, aliyekuja kutazama, akauliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, na tukiweka mchanga wa hapa hapa je?" Tukaweka. Maji yote yakazama, chupa ikabaki kavu kwa muda mrefu, na watoto wakagundua wenyewe kwa nini babu zao hawakuchimba ngoro. Walishangilia kuliko walivyoshangilia gunia langu. Nilicheka na wenzangu, kwa mdomo tu.

Mwaka uliofuata yalitangazwa maonyesho ya zana za kufundishia, na kila shule ilitakiwa kupeleka kitu kimoja tu. Kwetu vilibaki viwili: ngoro yangu na samaki wa Mwalimu Hilda.

Alikuwa amepata vioo vinne vya dirisha, akaviunganisha kwa lami na mbao, akapata sanduku la kuwekea maji. Lilivuja kona moja, hapo akaweka bakuli, na kila mtoto alikuwa na zamu yake ya kurudisha maji ya bakuli sandukuni. Ndani aliweka mawe, mchanga, na vituwi watatu, wale samaki wadogo wa kwenye miamba. Mmoja alikuwa jike, wa kijivu, hana uzuri wowote. Kwa wiki mbili jike huyo hakula. Alikonda mwili, taya likavimba. Nilimwona nikafurahi. Nikawaambia walimu wenzangu kwenye chai kwamba samaki wa Mwalimu Hilda anaumwa na kumpeleka kwenye maonyesho kutatuaibisha. Mwalimu Hilda akatabasamu tu, akasema, "Tumngoje kidogo, Mwalimu." Alikuwa amewaambia watoto wake wasimweleze mtu anachongoja, wafanye mshtukizo.

Uamuzi ungetolewa Ijumaa. Jumatatu ilianza wiki yangu ya zamu, nikafika mapema kufungua madarasa. Nilipoingia darasa la tatu, nikaona ndani ya sanduku samaki wadogo mno, kama mbegu za nyanya zenye macho, wanaelea karibu na yule jike. Nikainama. Kivuli changu kilipoangukia kioo, jike alifungua mdomo na wale wadogo wakaingia. Wote. Akafunga.

Nilimwona kwa macho yangu akiwala watoto wake. Na nilichokisikia moyoni hakikuwa huruma. Nilisikia raha. Nikajiambia, huyu ndiye samaki wanaotaka kumpeleka mbele ya wakubwa wa wilaya. Ningeweza kumuuliza mtu yeyote. Mpishi wa shule angenijibu. Mtoto wa chekechea wa ufukwe ule angenijibu. Sikuuliza mtu. Nikamtoa kwa chujio la chai, nikamtia kwenye bakuli, nikaenda nalo mstarini.

Baada ya wimbo na ukaguzi wa kucha, nilisimama mbele. Nikamshika yule samaki mkononi, nikamwinua juu. Nikasema kwamba sayansi ni ukweli hata ukiwa mchungu, na kwamba asubuhi hii nimemshuhudia samaki wa darasa la tatu akiwala watoto wake mwenyewe.  Mbele kabisa, msichana mmoja wa darasa la tatu akanyoosha mkono.

"Shusha mkono," nikamwambia.

Miaka yote nimefundisha watoto kuuliza kabla ya kutaja jina la kitu. Huyo alishusha mkono. Lakini nilisikia sauti yake ndogo, akimwambia jirani, "Wamo mdomoni. Ana watoto mdomoni."

Samaki akajipinda kiganjani mwangu, akaachama, akawatapika. Walitoka wengi, wakaniteleza katikati ya vidole, wakaanguka mchangani, wakirukaruka. Mama yao alikuwa amewabeba mdomoni tangu wakiwa mayai, ndiyo maana hakula, ndiyo maana alikonda. Nilipowatisha na kivuli changu aliwarudisha ndani awafiche. Na watoto mia mbili waliokuwa mbele yangu walilijua hilo kabla hawajaanza shule.

Hakuna aliyecheka safari hii. Nadhani ningependelea wacheke. Mwalimu Hilda alikuja kutoka mwisho wa mstari, hakukimbia, akaninyang'anya bakuli. "Maji," akasema. Watoto wa darasa la tatu wakapiga magoti, wakawa wanaokota vile vijisamaki kimoja kimoja kwa vidole vilivyolowanishwa mate. Vingine walivipata. Vingine vilikuwa vimeshavingirika mchangani, haviokotwi tena. Mama yao alikufa kabla ya kengele ya kipindi cha kwanza.

Kisha Mwalimu Hilda akasimama, akageukia shule nzima. Magoti yake yalikuwa na mchanga. Akasema, "Mwalimu Kosmas alitaka muone kwa macho yenu jinsi kituwi anavyobeba watoto. Tumempoteza mama, lakini mmeona. Leo mkifika nyumbani, muulizeni baba au babu anafanya nini akinasa mama mwenye mdomo uliojaa. Baba yangu humtikisa majini kwanza, watoto watoke, ndipo amtie mtumbwini. Kesho mtanieleza."

Watoto wakaitikia. Na mimi, mbele ya watoto mia mbili, niliitikia kwa kichwa kana kwamba ndivyo tulivyopanga. Hata aibu yangu aliigeuza somo, na somo lenyewe lilikuwa zuri kuliko langu lolote. Mngedhani nilimshukuru. Nilimchukia zaidi.

Ijumaa Mwalimu Hilda mwenyewe alisema ngoro ndiyo iende. Ilikwenda, ikasifiwa, nikapewa cheti. Kipo hadi leo, mchwa wamekula kona yake ya chini. Watoto wake ndio waliobeba masanduku yangu hadi kwenye gari, kwa kuwa aliwaomba. Niliondoka ziwani miaka mitatu baadaye bila kumwambia neno, na lenzi nikaondoka nayo.

Miaka iliyofuata milimani mnaijua, wengi wenu tulikuwa wote. Mmeniona na lenzi ile. Mmeniona nikimpa mtoto atazame huku nimeshika mpini mwenyewe, nisije nikaiachia. Mwalimu Gaudensi alipougua nilikwenda kumwona, akaniuliza kama nimeshampata wa kumpa. Nikamwambia bado. Huo ndio uongo mkubwa kuliko wote niliousema kazini, na nilimwambia mtu aliyelala kitandani.

Malori ya makaa ya mawe yalipoanza kupita kutoka mgodini Ngaka, tuliwatuma watoto waokote vipande vinavyodondoka kandokando, tukavichambua. Miezi michache kabla sijastaafu, mtoto mmoja akaleta jiwe jeusi bapa. Nilipolipasua kwa nyundo likafunguka kama kitabu, na ndani kulikuwa na jani. Jani lote, na mishipa yake, limechapwa kwenye jiwe tangu enzi ambazo siwezi kuzihesabu. Nililitazama nikamkumbuka mzee aliyefuta jani langu ubaoni. Na jambo la pili nililowaza ni kwamba Hilda hana kitu kama hiki.

Kwa hiyo msinisifu kwamba nilikwenda kutubu. Baada ya sherehe yangu ya kuagwa nilipanda basi kushuka ziwani ili nikamringishie. Siku hizi ni lami hadi Mbamba Bay, safari haichoshi kama zamani. Nilimkuta darasa la tatu, chumba kilekile, kichwa kimeingia mvi, miwani puani. Watoto wakasimama. "Shikamoo mwalimu." Nikaitikia marahaba, nikaweka jiwe mezani, nikalifunua.

 Alilichukua akasogea nalo dirishani, akavua miwani, akaivaa, akaivua tena. Akalisogeza karibu na jicho, akalisogeza mbali. "Mishipa midogo siipati," akasema. "Macho yamechoka. Ungekuwa na kitu cha kukuza."

Nilikuwa nacho mfukoni. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika mpini wa shaba. Kisha nikaitoa lenzi, nikaiweka juu ya meza.

"Hii ni yako," nikamwambia.

"Umeniletea zawadi?"

"Hapana. Ni yako tangu wiki yangu ya pili hapa. Siku ya kungu."

Nikamweleza sharti la Gaudensi, lote, bila kupamba. Nikamweleza na asubuhi ya yule samaki, kwamba sikutaka kumwonyesha mtu chochote ila kumwangusha yeye. Nikalitaja neno lenyewe. Nikasema ulikuwa wivu.

"Ya samaki nilijua siku ileile," akasema. "Yalishanipita." Akaigeuza lenzi, akaugusa ule mkwaruzo kwa kidole. "Hii ndiyo inaniuma, Mwalimu. Mimi ungeninyima tu. Lakini unajua wamepita wangapi hapa wakitazama kwa tone la maji?"

Tangu siku ile nimekuwa nikijaribu kuwahesabu. Ndiyo maana nimewaandikia haya badala ya orodha ya vifaa mliyoniomba.

Alitazama lile jani la jiwe kwa lenzi kwa muda wa mtu kuhesabu hadi kumi. Aliachama vilevile kama zamani. Kisha akafungua droo, akatoa kipande cha uzi wa nyavu, akaufunga kwenye mpini, akaenda dirishani akaufunga mwisho wa pili kwenye msumari uliokuwa umetundikiwa kalenda. Akaweka jiwe chini yake. "Mwenye kutaka aje," akasema, na darasa zima likasimama.

Nilikaa nao hadi kengele, nikiwatazama wakipanga mstari. Miaka yote ile niliiweka lenzi mfukoni, na yeye hakukaa nayo dakika tano. Nilipanda basi la kurudi nikiwa mwepesi mfukoni na mzito moyoni, nikimwonea wivu Hilda, na nikiuonea wivu hata ule msumari.